Tonge la Pili

Mwinjuma ameandika mchezo juu ya kifo cha mama
na mimi kanipa kazi ya kupika.
"Chakula cha kweli, dada. Mvuke uonekane.
Sitaki sponji iliyopakwa rangi."
Basi kila alasiri natoka Barabara ya Kumi na Mbili,
sufuria nimeipakata juu ya bodaboda, nimeifunga kwa khanga:
bada ya moto, papa mkavu wa nazi,
na mchunga, uchungu wake haukuchujwa wote,
kama alivyoupenda mwenyewe.

Ukumbi ni wa shule, Chumbageni. Viti vya plastiki,
feni moja inayozunguka kwa kulalamika.
Mama ni Tunu, msusi wa Makorora,
miaka ishirini na minne, na unga wa ngano kwenye nywele.
Kalala juu ya kitanda cha kamba
alichoazima Mwinjuma kwa jirani,
maana kile chenyewe tulikigawa pamoja na godoro
siku ya arobaini.

Katika mchezo mwana wa kiume yupo.
Anamega, anafinyanga, anamlisha mama kwa mkono wake,
la kwanza, la pili, la tatu.
Mama anatabasamu, anausia, anakata roho.
Taa zinazimwa. Watu wanapenga kamasi.

Nami nyuma ya pazia, na mwiko wangu,
najua kwamba mwana wa kiume alikuwa Mwanza,
basi lake likaharibikia Singida,
akafika udongo wa kaburi umeshakauka juu.
Sijamwambia neno. Mtu na aandike
pale anapotamani angekuwapo.

Lakini matonge matatu?

Mama alikula moja. Akalishikilia shavuni
kama mtoto anayeficha kidonge, akanitazama.
"Halina chumvi."
Najua, mama.
"Nitilie."
Daktari wa Bombo kakataza. Figo, mama.
"Kidogo tu. Ncha ya kidole."
Nikasema, kesho.
Mimi, aliyenifundisha kuonja kwanza
ndipo nipakue, nikasema kesho,
nikafunika kawa, nikatoka kuosha vyombo.
Kopo la chumvi lilikuwa dirishani, tunaliona sote wawili.
Kesho ilikuja. Ilinikuta peke yangu.

Usiku wa tatu wa maonyesho
Tunu akapokea tonge, akatafuna, akaacha kutafuna.
Akafumbua macho, na pale mgonjwa hafumbui macho,
akasema kwa sauti ya msusi aliyeshinda na njaa:
"Mbona hakuna chumvi?"

Mwinjuma, mwenye karatasi, akapekua
ukurasa huu, ukurasa ule. Maneno hayo hayamo.
Watu kimya. Feni peke yake.
Ndipo nikaona mkono ulivyonifanya:
siku tatu nampikia binti mzima, mwenye figo zake,
chakula cha mgonjwa wangu.

Nikatoka. Na khanga yenye madoa ya tui,
na malapa, mbele ya watu mia na kitu,
mkononi karatasi ya chumvi
niliyokuwa nachovyea embe bichi huko nyuma.
Nikanyunyiza kwa ncha ya kidole.
"Haya, mama," nikasema,
na sauti haikuwa ya kuigiza.
Tunu akala. La pili. Akalamba na vidole.
Mtu wa safu ya mbele akanong'ona:
"Huyu dada kafundishwa wapi?"

Asubuhi Mwinjuma kaja na kalamu nyekundu.
Hakuuliza kitu. Akaandika, DADA ANAINGIA NA CHUMVI,
akamkata mwana wa kiume pale kitandani,
akamrudisha,
akamkata tena. Karatasi ikatoboka.
Nikamtilia chai, akainywa ikiwa baridi.

Usiku wa tano nilizidisha.
Tunu, maiti, taa zimeshazimwa,
aliomba maji gizani, glasi mbili,
nami nikampelekea mbio.