Mtawala wa Kauri

Mwaka ule Bwana Shekuwe alipokataa kuketi barazani
tulidhani ni mguu, ule aliouvunja Shela.
Akaniita mimi, karani wake,
akaninong'oneza: "Nishike taratibu. Nimekuwa kauri."

Kauri, kama sahani za bibi yake
zilizopangwa ndani ya zidaka, safu juu ya safu,
buluu na nyeupe, hazijapata kuliwa chakula.
Nikacheka. Hakucheka.
Alijigonga kifuani kwa ukucha:
"Husikii mlio?"

Nikasema nasikia.
Lilikuwa kosa langu la kwanza,
au ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Ilipofika Mfungo Sita siwa ilikuwa imeviringwa pamba
isije ikapulizwa, sauti ikamtia ufa.
Wapiga sakafu walipokonywa magongo.
Mafundi wa chokaa walikatazwa nyundo,
na ukuta wa mji, upande wa Langoni, ulikuwa na pengo
la kupita mbuzi.
Likawa la kupita punda.
Likawa la kupita watu wenye panga, usiku wa mvua ya vuli,
na ngoma ya kuamsha mji haikupigwa.
Ilikuwa marufuku.
Watu kumi na tisa. Niliandika majina yao yote,
na penye sababu niliandika: kadari.

Mwaniuliza leo, mkinywa kahawa yangu, nani alitawala.
Alitawala dada yake, Mwana Rukiya, nyuma ya pazia.
Alitawala mwenye ufunguo wa forodha.
Nilitawala mimi, kwa wino:
aliponyamaza niliandika "amesema".
Wazimu wa maskini hufungwa kamba.
Wazimu wa mfalme hupigwa muhuri.

Ila siku moja, niwe mkweli,
aliletwa mjane wa Matondoni, kaiba pishi ya mtama,
na wazee walikwisha kuchagua bakora.
Kutoka kitandani, kati ya mito kumi na miwili,
alisema: "Msimpige.
Hamjui ameumbwa kwa kitu gani."
Kadhi aliinamisha kichwa.
Hilo sikulitunga. Hilo ni lake.

Alipokufa, waosha walikuja na haraka zao,
maji yalikuwa yakipoa.
Walimgeuza ubavu kwa nguvu, kama mtu yeyote,
na mimi, niliyejua siku zote kuwa ni nyama,
nikaziba masikio.