Sampuli

Shati lilitufikia ndani ya bahasha ya nailoni,
limeshonwa ng'ambo, mji nisioweza kuutamka.
Bwana Kiptanui akalitupa mezani, laini ya nne:
"Fumueni. Jueni lilivyoungwa. Jumatatu tunaanza."

Nikashika wembe, nikaanza na mfuko wa kushoto.
Aliyeushona alirudi nyuma pembeni mara tatu,
si mbili kama tulivyofunzwa,
mshono wa mtu asiyeiamini dunia.

Huko, wanasema, mishahara imepanda.
Huko vijana wamezikimbia cherehani,
wanataka viti vinavyozunguka.
Ndipo oda ikang'oa nanga, ikaja kuteremka Nakuru,
huku viwandani, penye harufu ya pumba na sabuni.
Mtu nisiyemjua kadai haki yake,
mimi nikalipa karo ya Chepng'eno.
"Kufa kufaana," alisema Nanjala wa pasi.
Akacheka. Kisha mvuke ukamficha uso.

Mwezi wa sita akaja mkubwa wa wizara.
Alipanda juu ya kreti, akataja ushuru,
akataja mkataba, na soko lisilo na mlango,
akamalizia: mgeni njoo, mwenyeji apone.
Tulimpigia makofi dakika mbili.
Dakika mbili ni mifuko mitatu.
Jioni tulikuta imekatwa.

Mwaka wa pili unga ukapanda,
kodi ya chumba Kaptembwo nayo ikaufuata
kama mtoto afuatavyo mama sokoni.
Nanjala akasimama kwa niaba yetu:
shilingi arobaini kwa siku, basi.
Arobaini! Bei ya chai na mandazi mawili.
Bwana Kiptanui hakugomba.
Alitoa kikokotoo, akabonyeza, akakifuta kioo kwa kidole.
"Kuna mji," akasema, polepole,
kama daktari anayemtajia mtu ugonjwa wake,
"kuna mji ambako hawajaanza kuuliza."

Leo nimeitwa ofisini.
Wanataka shati moja safi, la mfano.
Bahasha ya nailoni iko tayari juu ya meza,
anwani imeandikwa kwa herufi nisizozijua.
Sikuuliza. Nililishona mwenyewe, kola mpaka pindo,
na nilipofika mfuko wa kushoto, pale pembeni,
nikarudi nyuma mara tatu,
kwa ajili ya yule wa kwanza.
Nikaongeza ya nne.

Nani atafumua, sijui.
Wembe wake utakwama kidogo hapo.