Nafasi ya Sarafu Moja

Huku kusini mwa Luiziana hewa haivutwi, hutafunwa.
Shuka huanikwa asubuhi, jioni huanuliwa mbichi,
chumvi hugeuka jiwe ndani ya kopo lake,
na mbu, wageni wasiobisha hodi,
hukujua damu kabla ya kukujua jina.

Miaka kumi na tisa Ovide aliniahidi kibaraza cha wavu.
Miaka kumi na tisa wavu wenyewe, umeviringishwa,
ulisimama nyuma ya jokofu
kama mkwe aliyekuja kwa siku mbili.

Kisha karakana ya meli ikamstaafisha.
Ilikuwa Januari, baridi kavu, mbao zimekonda.
Akapima, akakata, akapigilia papi,
akauvuta wavu hadi ukawa ngozi ya ngoma:
ukiugusa, unasema.
Dari nililipaka samawati mimi mwenyewe
ili nyigu wadhani ni mbingu, wakajenge kwingine.
(Hivyo alisema mama. Nyigu hawakuwahi kuulizwa.)

Ukabaki mlango.

Noemi, binti wa duka la mbao, alituambia,
"Acheni nafasi ya sarafu moja, pande zote.
Mbao hunywa."
Ovide akacheka. Aliyeunga vyuma miaka arobaini
hafundishwi na mtoto mwenye penseli sikioni.
Mlango wake ukaingia kwenye fremu
kama jino kwenye ufizi.
Nikasema, "Ovide, sarafu."
Akasema, "Zelma, kazi ni yangu."
Nikanyamaza.
Kunyamaza kwangu kuna uzito, kijito kizima kinajua.

Februari mlango uliimba.
Mei ulinung'unika.
Julai ukawa bubu.

Usiku ule tulikuwa hatusemezani.
Sababu nimeisahau; ilihusu sufuria.
Yeye alitoka kibarazani kutafuta upepo,
nami nikamfuata nisimwachie upepo peke yake.
Ukaja kweli, mmoja tu, mzima,
ukaubamiza mlango wa nyumba nyuma yetu.
Kitasa kikasema tak.
Ufunguo ulikuwa ndani, kwenye msumari wake, umetulia.

Ovide akausukuma mlango wa wavu.
Akausukuma kwa bega. Akaubembeleza.
Akautukana kwa Kifaransa cha bibi yake.
Mbao zilikuwa zimekunywa mwezi mzima,
zimeshiba, hazina pa kwenda.

Akachomoa kisu mfukoni, akakielekeza kwenye wavu.
"Thubutu," nikasema.
Neno langu la kwanza baada ya siku tatu.

Tukaketi.
Mvua ikashuka bila kutangulizwa na radi,
kila jicho la wavu likashika tone lake
hadi tukawa hatuuoni hata mti wa jirani.
Mbu wakaning'inia nje, wakiimba njaa yao.
Ng'ambo ya kijito vyura waligombana,
lakini wao, angalau, walijibizana.

"Umevimba," akasema.
"Nani?"
Feni ikazunguka, ikazunguka.
"Wote watatu," akasema. "Ila mlango una sababu."

Nilicheka kabla sijajizuia.
Halafu nikamwambia habari ya sufuria,
naye akaniambia habari ya karakana,
jinsi siku ya mwisho walivyompa keki
iliyoandikwa jina la mtu mwingine,
naye akaila, akashukuru.
Januari hadi Julai alikuwa ameifungia hiyo kifuani,
imebanwa, haina hata upana wa sarafu.

Alfajiri Eula Verdin alipita na mbwa wake,
akatukuta tumelala vitini,
mguu wake juu ya mguu wangu.
Akavuta mlango kwa mikono miwili, ukafunguka kwa yowe.
Hakuuliza kitu. Mbwa ndiye aliyetutazama sana.

Jumamosi Ovide aliung'oa mlango, akaupiga randa.
Akatoa sarafu mfukoni,
akaipitisha juu, chini, ubavuni.
Ikapita.

Sasa, siku za baridi, mlango unachezacheza,
unaingiza kijiupepo, na mara moja moja
mbu mwembamba aliyepotea njia.
Mimi husema, "Ziba basi hapo."
Yeye husema, "Kesho."
Hakuna anayeinuka.