Rozela

Vidonge vitatu ndani ya karatasi ya daftari,
duka la dawa Buguruni, saa mbili usiku.
"Homa itashuka," muuzaji alisema.
Ikashuka.

Kesho yake Hemedi akaniita chooni:
"Baba, nimekojoa rozela."
Nikacheka. Nikachungulia.

Amana, wodi ya watoto.
Sista Tumsifu akamfunua kope ya chini:
ndani peupe, na mboni zimezungukwa manjano.
"Chembe za damu yake zinapasuka.
Wapo watoto wa hivi, dawa ya mwenzao kwao ni kisu.
Umempa nini?"

Nikaikunjua karatasi.
Jina la dawa halipo.
Pana hesabu ya mtoto nisiyemjua:
saba mara nane, hamsini na nne.
Mwalimu kaikata
kwa wino mwekundu.