Safu Nne, Kiwanja cha Isongole

Jedwali lina safu nne:
Bado. Anaanza. Anaweza. Anaweza vizuri.
Nimelichora kwa rula, umeme ukikatika na kurudi,
nikatoa nakala arobaini na moja
steshenari ya Kiwira, kwa hela yangu.
Kushoto, toka juu hadi chini:
kukimbia, kuruka, kudaka, kurusha,
kusikia filimbi, kucheza na wenzake.
Chini kabisa ukabaki mstari wa saba, mtupu.
Sikujua ni wa nini. Nikauacha.

Mimi nilipimwa kwa namba moja.
Darasa la sita, mwalimu Mwaisumo, saa kiganjani:
wa kwanza mia, wa mwisho thelathini.
Thelathini ilikuwa yangu miaka miwili,
na hakuna aliyeniambia
kwamba nakimbia nimekunja ngumi,
mabega yamepanda masikioni
kama mtu aliyebeba ndoo mbili.
Ningefungua vidole tu.
Vidole tu, jamani!
Ndiyo maana karatasi hii naipenda,
wacha wacheke ofisini:
"Michezo nayo ina makaratasi?
Wape mpira, wape A, njoo unywe chai."

Kiwanja chetu kimeinama.
Arushaye kutoka juu, mpira unamsaidia,
unajiendea hadi kwenye chai ya Mwakalobo;
arushaye kutoka chini anabishana na mlima.
Basi kila mtu atarusha mara mbili, nikasema,
juu mara moja na chini mara moja.
Hilo halimo kwenye mwongozo.
Limo kwenye kiwanja.

Niliwasomea vigezo kabla hatujaanza:
"Anatua kwa uwiano na udhibiti wa mwili."
Wakanitazama kama ng'ombe wanaotazama lori.
Tusekile akanyoosha mkono.
"Mwalimu, ni kama paka akishuka dirishani,
au kama paka akifukuzwa?"
Akishuka, nikasema.
Nikafuta. Nikaandika:
anatua kama paka aliyeshuka mwenyewe.
Hapo ndipo waliporuka kwelikweli,
na wakahukumiana wao kwa wao:
"Wewe umefukuzwa!"
"Rudia, bado umefukuzwa!"
nami nimesimama na peni, sina kazi.

Saa nne ukungu ukateremka kutoka Rungwe
bila hodi.
Ukameza goli, ukameza chokaa ya mstari,
ukameza watoto wangu katikati ya mbio ndefu.
Nikabaki na karatasi inayolowa
na masikio mawili.

Wa kwanza Lusajo, huyo hanipotei,
nyayo zake ni mvua inayoanza juu ya bati.
Wakaja mapacha wa Kabula, wanapumua kwa zamu.
Kisha mguu nisioujua:
pa, papa. Pa, papa.
Mmoja mzito,
mmoja unaomba radhi kwa ardhi.

Akatokea: Ambwene.
Miezi minne namwandikia "Anaanza"
nikitazama uso wake, uso wa kucheka daima.
Kumbe kicheko kilikuwa pazia,
na nyuma ya pazia, goti.

"Tangu lini?"
"Tangu masika, mwalimu.
Niliteleza na dumu la maziwa."
Akanyamaza, kisha haraka haraka:
"Lakini hayakumwagika."
Kana kwamba hilo ndilo nililouliza.

Leo mkuu wa shule anapekua karatasi zangu,
zimekunjamana, zina madoa ya matope.
Kidole chake kimesimama
kwenye ule mstari wa saba wa Ambwene,
nilipoandika kwa penseli, nikivuka safu zote nne:
goti la kushoto. Zahanati, Alhamisi, niende naye.

"Mwalimu Subilaga, hii ni daraja gani?"

Hiyo si ya mtoto, nikamwambia.
Hiyo ni yangu.
Niandikie: Anaanza.