Jina la Mlangoni

Babu hakuzaliwa na ukoo.
Alizaliwa, basi,
kisha akalazwa ndani ya kapu la tufaha
mwezi wa Februari, theluji ikinyesha majimaji,
mlangoni pa kanisa la Villarel,
milima ya Asturias, kaskazini mwa Uhispania.

Obdulia, mke wa mtunza kanisa, alidhani ni paka.
Alitoka na ufagio.
Hiyo ndiyo salamu ya kwanza aliyopewa babu duniani:
ufagio ulioinuliwa,
kisha, polepole, ufagio ulioshushwa.

Padri Servando alifungua daftari la ubatizo.
Jina: Eladio, kwa kuwa ndiye mtakatifu wa siku ile.
Baba: mstari mtupu.
Mama: mstari mtupu.
Ukoo: kalamu ikasita, wino ukadondoka
(doa lingalipo, nimeligusa kwa kidole),
padri akatazama dari, nguzo, ukungu wa ukutani,
akaandika: Iglesias.

Yaani Makanisa.
Si moja. Mengi,
kana kwamba mtoto mmoja ameachwa
kwenye milango yote kwa usiku mmoja.

Wapo walioandikiwa Expósito, Aliyetupwa,
wakazeeka nalo, wakazikwa nalo.
Afadhali ukoo wa mawe kuliko ukoo wa jalala,
alisema Obdulia, akaenda kuchemsha maziwa.

Jina likatumika, kama chombo kitumikavyo.
Shuleni: Iglesias, kengele yako iko wapi?
Jeshini lilikwaruzwa kwa msumari kitakoni mwa bakuli la bati.
Kwenye daftari la mwenye duka:
Iglesias, mikate miwili, mafuta robo, bado hajalipa.
Mgodini lilitundikwa ubaoni kila alfajiri
na kila jioni likateremshwa,
ikiwa mwenyewe amepanda.

Na mwenye jina hilo hakuwapenda mapadri.
Kunguru, aliwaita.
Mwaka wa hasira, vijana walipobeba mafuta ya taa
kuelekea kanisani, naye alibeba dumu lake.
Akafika mlangoni. Akasimama.
Hakumwaga, hakurudi.
"Mama yangu alisimama hapa," alisema,
na hakuna aliyejua amjibu nini.
Jiwe lile la kizingiti
ndilo pekee alilokuwa na hakika nalo
kuhusu miguu ya mama yake.

Kanisa liliungua hata hivyo.
Wenzake hawakuwa na mama pale.
Daftari Obdulia, kikongwe sasa,
alikuwa amelificha ndani ya pipa la sida;
ndiyo maana hadi leo kurasa zake
zinanuka uchachu.

Mwalimu mmoja wa Kigiriki aliniambia
neno hili, kabla ya kuwa nyumba yenye mnara,
lilikuwa watu: walioitwa watoke.
Nikakumbuka alichosimulia baba,
siku maji yalipovunja ukuta wa shimo la chini,
msimamizi akasimama mdomoni mwa mgodi
na karatasi iliyolowa, akisoma.
Majina kumi na tisa. Saba yaliitikiwa.
"Iglesias!"
Kimya.
"Iglesias!"
Akatoka, mweusi tii, kiatu kimoja,
akaitikia kwa kukohoa.

Mimi kanisani huenda kwa mazishi tu.
Nauza dawa, Mieres, mkabala wa kituo cha treni,
na kwenye simu nalitamka jina herufi kwa herufi
kwa watu wasiolihitaji kutamkiwa.

Juzi nilikuwa kwa msajili, mtoto mgongoni.
Kwetu kila mtu ana koo mbili,
na ya pili hudondoka njiani baada ya kizazi.
Karani, bila kuinua macho:
"Lipi litangulie, la baba au lako?"

Nikatazama dari. Taa moja ilikuwa inapepesa.
Kalamu yao imefungwa kwa uzi, isije ikaibwa.

Mtoto akalia.
Kama paka, kwa kweli.