Kitabu cha Alama

Vile vijiti viwili vya juu havikai.
Upepo wa Agosti, huu wa Dodoma usioomba radhi,
unavipeperusha kabla Masinjisa hajaanza hata kukimbia,
na mwamuzi, fundi cherehani wa Makole, amechoka kuinama.
"Leo tunacheza bila kofia," anasema,
na wiketi zinabaki vichwa wazi kama wanaume msibani.

Mkeka tuliupigilia misumari ya inchi sita
saa moja asubuhi, vumbi hadi kwenye kope.
Jumatatu mpaka Ijumaa mimi ni mhasibu kule Mtumba,
natafuta senti iliyopotea mpaka mlinzi azime taa.
Jumamosi nina penseli, kiti cha plastiki
na kitabu hiki ninachokikalia upepo ukizidi.

Shemeji yangu huniuliza: gongo?
Watu na akili zenu mnakwenda kushika gongo juani?
Namwambia lipo la chupani, na lipo hili letu,
limezungushiwa utepe wa fundi umeme pale lilipopasuka,
na yote mawili yanaangusha watu wazima.

Basi. Mpira wa mwisho, mikimbio kumi tushinde.
Haiwezekani. Hata maji ya kunywa tulishayafungasha.
Mpigaji ni Chilongani, msoma mita,
miaka hamsini na mitatu, goti moja zima.
Alifumba macho, akazungusha.
Mpira uligusa ukingo, ukaruka senyenge,
ukazama kwenye zabibu za mama Nyemo.

Sasa, upande ule hatuna mpaka.
Tulikubaliana tangu mwaka juzi: ukiingia mizabibuni
watu wanakimbia mpaka urudi.
Na mama Nyemo harudishi kitu bure.
Nunua kilo kwanza.
Sisi tunaijua bei, tunalipa, tunaondoka;
lakini huyu kijana wa chuo, Rwegoshora, mgeni,
akaanza kuomba apunguziwe.

Kimbia, Chilongani!
Moja. Mbili. Tatu, shati nje.
Mizani ya mama Nyemo inapanda, inashuka.
Nne. Tano.
Ya sita alitembea.
Ya saba alitembea kashika kiuno,
akimsalimu mlinda wiketi njiani kama jirani wa siku nyingi.
Nane. Kijana anasubiri chenji.
Tisa,

tisa, naapa. Au kumi.
Maana hapo ndipo upepo uliponifungulia ukurasa wa mwezi wa tano,
na nilipourudisha Chilongani alikuwa chali juu ya mkeka,
miguu huku, gongo kule,
gongo limegusa mstari au limekaribia kuugusa,
anacheka bila sauti,
na mpira uko hewani unakuja
na mfuko wa zabibu unaufuata kwa miguu.

Wiketi zikalala.
Mwamuzi akainua kidole,
kisha akakitumia kuchambua zabibu.

Mwandishi wa wenzetu, Tumsifu, binti wa miwani, ana tisa.
Mimi nina vijiti kumi, cha mwisho kimeinama kidogo.
"Tuhesabu upya," akasema,
akatua kichala juu ya kitabu,
tukahesabu upya, tukitema mbegu.

Hesabu za robo mwaka nitazifunga, zitakaa sawa.
Huu ukurasa una doa la zambarau
pale pale kwenye jumla,
na ufutio ninao, upo kwenye mkoba.

Usiku Chilongani kanipigia, sauti ya mtu aliyelowekwa maji ya chumvi:
"Dada, hivi nilikimbia ngapi?"
Nikamwambia, uliza goti.